Sayyida Salme, mwari wa Unguja aliyeasi kwa wino

Mwaka 1859, katika zama ambazo binti wa nyumba kubwa ya pwani hakutarajiwa hata kujua kushika kalamu, msichana wa umri wa miaka 15 alikuwa katika mji wa Unguja akiandika barua za njama ya kuupindua utawala wa kaka yake. Barua hizo zilihusu watu wa kuungwa mkono, bunduki, risasi na baruti. Mwandishi wake alikuwa Sayyida Salme binti Said, mmoja wa watoto wa marehemu Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Oman na Zanzibar. Njama ile ilishindwa. Msichana yule aliishi zaidi ya miaka 64 baada yake, na alipokwisha kupita umri wa miaka 40 akayasimulia mambo hayo katika kitabu kilichochapishwa Berlin mwaka 1886.

Uasi wa vijana ni mada ambayo waandishi wa riwaya na watengenezaji wa filamu hawaichoki. Kijana humkaidi mzazi, hutoroka nyumbani, hupenda pale asipotakiwa kupenda, na msomaji hubaki akijiuliza iwapo siku moja atarudi. Mara nyingi mada hiyo huhesabiwa kuwa zao la miji ya Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kana kwamba kabla ya hapo vijana wote walikuwa watiifu. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi wa kinyume chake. Uko kwa jirani zetu wa Tanzania, katika magofu ya kasri la Mtoni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Unguja.

Ndani ya kasri hilo Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Kicherkesi kutoka milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akatenganishwa na ndugu zake, akauzwa, na hatimaye akafika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa bado ni mtoto anayecheza na mabinti wa mfalme. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko linavyopewa na wengi wanaomsimulia Salme.

Mtoni ilikuwa dunia nzima ndani ya kuta. Palikuwa na mabanda ya kuogea, na ua mkubwa uliojaa tausi, mbuni na paa. Mbele, kuelekea baharini, palikuwa na baraza ya mviringo ambamo Sayyid Said alikunywa kahawa na kuzitazama meli zake kwa darubini. Mbele ya baba watu walitakiwa kuzungumza Kiarabu, lakini akishatoka tu, vyumba na roshani zilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili. Watoto walikuwa wengi. Alipofariki Sayyid Said, waliobaki hai walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18, na mama zao walikuwa wa mataifa mbalimbali. Watoto wa masuria wa Kihabeshi waliwaita paka wenzao wa Kicherkesi, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Nyumba hiyo ilijaa mapenzi, lakini pia ilijaa wivu na makundi, na mtoto aliyekulia humo alijifunza mapema kwamba kaka na dada hawako upande mmoja daima.

Salme hakuwa mtoto mtulivu. Aliwahi kuukwea mnazi mrefu pasipo kamba ya miguuni, akawatia hofu watu wazima waliosimama chini wakimwomba ateremke. Kazi za sindano na ususi wa almaria, ambazo ndizo zilizompasa binti wa hadhi yake, zilimchosha. Alipofika umri wa miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia mjini, katika nyumba iliyoitwa Beit el Watoro, kukaa na kaka yake Majid na dada yake Khadija. Majid alikuwa kijana mpole, mwenye maradhi ya kifafa, na alimpenda mdogo wake huyu kwa dhati. Akamruhusu kupanda farasi, kushika upanga na mkuki, na kulenga shabaha kwa bunduki. Mama yake hakufurahi, lakini hakumzuia.

Hata hivyo uasi wake wa kwanza wa kweli haukuwa wa farasi wala bunduki. Ulikuwa wa herufi. Katika nyumba ya Sayyid Said wavulana walifundishwa kusoma na kuandika; wasichana walifundishwa kusoma tu. Walikaa juu ya jamvi mbele ya mwalimu, wakahifadhi Kurani, na hapo elimu yao ikakoma. Salme akauchukua msahafu faraghani na kuanza kuyanakili maumbo ya herufi moja baada ya nyingine juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama walivyofanya wanafunzi wa kiume ambao mfupa ule ulikuwa ndio ubao wao. Kwa kufanya hivyo peke yake, pasipo mwalimu, akapata kuandika. Habari zilipovuja alilaumiwa sana, na hakujali.

Msomaji wa leo aweza kujiuliza pana kosa gani katika kuandika. Jibu ni kwamba anayesoma hupokea maneno, na anayeandika huyatuma. Binti anayeweza kuandika barua hahitaji kupita kwa mtu yeyote ili sauti yake itoke nje ya mlango. Hofu hiyo haikuwa ya Unguja peke yake, wala haikwisha na karne ile. Mwaka 1971 mwandishi wa Kitanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya yake Rosa Mistika, iliyokuja kupigwa marufuku mashuleni kwa muda, alimpa msichana Rosa baba mkali ambaye ghadhabu yake inalipuka kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Zaidi ya karne moja imepita kati ya mfupa wa ngamia na barua ya Rosa, na baba wa riwayani bado anaogopa karatasi.

Pana sadfa nyingine ambayo wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wataipenda. Karibu mwaka 1858, huko kaskazini katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, akimfundisha adabu na utiifu kwa Mungu, kwa wazazi na kwa mume. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amepigana na majeshi ya Sayyid Said huyu huyu. Kwa hiyo, katika pwani moja na takriban katika mwaka mmoja, mjane wa adui wa Sayyid Said alikuwa akiandika kumfunza bintiye utii, na binti wa Sayyid Said alikuwa amejifunza kuandika bila ya kumtii mtu. Wote wawili walikuwa wanawake, na wote wawili walishika kalamu. Utenzi wa mama umesomwa na kukaririwa vizazi hata vizazi. Uasi wa binti ulilazimika kungoja msomaji wa Kijerumani.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Oman kurejea Unguja. Dola yake ikagawanyika: Thuwaini akashika Oman, Majid akawa Sultani wa Zanzibar. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitangazwa kuwa amebaleghe na akapewa fungu lake la urithi, fedha pamoja na shamba lenye nyumba. Kisha ukaja ugonjwa wa kipindupindu, nao ukamchukua mama yake mwaka 1859. Msichana wa miaka 15 akabaki bila baba wala mama, ana mali yake mwenyewe, anajua kuandika, na yuko katika familia inayogombania kiti. Ni vigumu kufikiria mazingira yaliyokomaa zaidi kwa ajili ya balaa.

Balaa lenyewe lilikuwa kaka yake mwingine, Barghash. Alikuwa kijana mwenye akili na kiburi, aliyejiona anastahili utawala kuliko Majid mgonjwa. Wafuasi wake walikuwa Waarabu wa kabila la Harthi, na Wafaransa waliokuwa Unguja walimtazama kwa jicho la upendeleo, wakati Waingereza walikuwa nyuma ya Majid. Aliyemvuta Salme katika kundi hilo hakuwa Barghash mwenyewe bali dada yao Khole, mrembo na mwenye ushawishi, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi. Hapa ndipo uasi huu unapofanana na uasi wa vijana wa kila zama. Salme hakuwa na ugomvi na Majid. Kinyume chake, Majid ndiye aliyemlea na kumpa farasi. Hakuwa pia na hoja ya utawala ambayo aliiamini. Alimfuata Khole. Kijana wa umri ule mara nyingi hafuati fikra, humfuata mtu.

Wala kundi halikumtaka kwa ajili ya upanga wake. Lilimtaka kwa sababu alikuwa mwanamke anayeweza kuandika. Wanaume wa njama wangeshukiwa, na waandishi wa kukodi wangeweza kuuza siri. Binti aliyekaa ndani hakuna aliyemtazama. Hivyo Salme akawa katibu wao. Katika kitabu chake anakiri kwamba dhamiri ilimsumbua alipokuwa akiagiza risasi na baruti ambazo alijua zingewaua watu wasio na hatia, na mbele ya macho yake akaona uso wa Majid. Aliendelea kuandika.

Majid alipopata habari aliizunguka nyumba ya Barghash kwa askari ili amlazimishe kusalimu amri kwa njaa na kiu. Usiku mmoja Khole na Salme, wakifuatana na wapwa wao Shambua na Farashu na kundi la wanawake waliojifunika, walikwenda hadi kwenye mlango uliolindwa, wakazungumza na askari wenyewe, jambo ambalo lilikuwa aibu isiyosikika kwa wanawake wa hadhi yao. Askari, waliopigwa na butwaa, wakawaruhusu kuingia kumwona ndugu yao. Ndani walimkuta Barghash hataki kuvaa nguo za kike. Walimbembeleza hata akakubali, wakamfunika mpaka yakabaki macho tu, wakamtia katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisimtoe, na msafara ukatoka polepole kupita mbele ya askari waliosogea pembeni kwa heshima. Ni tukio ambalo filamu yoyote ingelitamani, na ajabu ni kwamba walio wengi wanaomtumia Salme katika hadithi za mapenzi hulipita haraka ili wafike kwa Mjerumani.

Barghash alikwenda shambani, mahali palipoitwa Marseille kwa jina la mji wa Ufaransa, ambapo wafuasi wake walikuwa wamejijengea ngome. Majeshi ya Majid, yakisaidiwa na mabaharia wa Uingereza, yalipashambulia na kupabomoa. Watu wengi waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo watumwa walioingizwa katika ugomvi wa mabwana zao bila kuulizwa. Barghash akarejea mjini kwa siri, akazingirwa tena, safari hii na Waingereza wakiongozwa na balozi wao Rigby, na risasi zilipoanza kupenya madirishani akasalimu amri. Alipelekwa uhamishoni Bombay.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Hakuwanyang'anya mali, hakuwafunga. Lakini familia iliwatenga, jamaa wakaacha kuwatembelea, na Salme akaondoka mjini kwenda kukaa shambani Kisimbani, kisha Bububu. Baada ya muda Majid alimwomba aiachie nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza, naye, kwa kuona haya na kwa kutaka kulipa deni la moyo, akakubali. Hilo liliwapatanisha. Lakini kupatana na Majid kulikuwa ni kukosana na Khole na Barghash, ambao waliona kuwa amewasaliti. Kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa amekwisha kuwa msaliti mara mbili, kwa kila upande mara moja. Waandishi wa hadithi za vijana waasi huwa hawafiki hapa. Wao hutaka kijana awe na adui mmoja tu.

Sehemu inayofuata ndiyo inayojulikana na wengi, kwa hiyo tutaipita kwa mwendo wa haraka. Aliporejea mjini Salme alikaa jirani na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Walizungumza kutoka dari hadi dari, wakapendana, akachukua mimba. Kwa binti wa Sultani kuzaa nje ya ndoa, tena na Mkristo, lilikuwa jambo la hatari ya uhai wake. Mwezi Agosti 1866, katika majira ya sherehe za Mwaka Kogwa wakati wanawake wanapoteremka baharini kuoga usiku, alichukuliwa na mashua hadi kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer na kupelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Ujerumani. Mtoto wao wa kwanza hakuishi. Alifariki mwaka huo huo. Majid, kwa mara nyingine, alionyesha upole: Ruete aliyebaki Unguja kwa miezi kadhaa kumaliza biashara zake hakudhuriwa.

Hamburg alizaa watoto watatu, mabinti wawili na mtoto wa kiume. Mwaka 1870, mumewe aliteleza akagongwa na tramu na kufariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25, katika nchi ya baridi, lugha bado inamsumbua, na sheria za huko zikiwakabidhi wanaume wengine usimamizi wa mambo yake. Fedha zikapotea. Akahama mji baada ya mji, akijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Kwao alikuwa ametoka katika Uislamu, na kwa hiyo hakuwa tena na haki ya urithi wa ndugu zake waliokuwa wakifariki mmoja baada ya mwingine.

Mwaka huo huo wa 1870 Majid naye alifariki, na aliyekalia kiti chake alikuwa Barghash. Kijana aliyetolewa nyumbani mwake akiwa amevaa nguo za kike sasa alikuwa Sultani wa Zanzibar. Alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye. Maafisa wa Uingereza, ambao hawakutaka mgeni wao akerwe, walimshawishi aache azma hiyo kwa ahadi ya kusaidiwa watoto wake, na ahadi ile haikuzaa kitu. Mwaka 1885 akarudi Unguja kwa meli ya Kijerumani, pamoja na manowari za Bismarck zilizokuja kumtisha Barghash kuhusu ardhi za bara ambazo Wajerumani walikuwa wamejitwalia. Binti aliyekuwa katibu wa njama sasa alikuwa karata mikononi mwa dola. Watu wa mji walimlaki barabarani kwa furaha na kumsalimia kwa jina lake la zamani. Barghash alikataa kumwona. Inawezekana hakumsamehe kwa Ukristo, au kwa kuja na mizinga, au kwa kupatana na Majid miaka ile. Pengine kwa yote. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, na akashindwa tena. Kuanzia hapo aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, mpaka mwaka 1914.

Kitabu chake kilitoka mwaka mmoja baada ya safari ile ya 1885, na huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu na kuchapishwa. Kwa mada yetu, thamani yake iko katika namna mama wa watoto watatu anavyomtazama msichana aliyekuwa. Hamsifu. Hamtukani pia. Anaeleza jinsi Khole alivyokuwa akicheka, jinsi mikutano ya siri ilivyokuwa na utamu wake, jinsi nyumba iliyokuwa na upweke baada ya kifo cha mama ilivyojaa tena watu. Halafu anaeleza hesabu ya waliokufa na maduhuli ya majuto. Riwaya nyingi za vijana waasi huandikwa kana kwamba mwandishi mwenyewe bado ana miaka 15, au kana kwamba hajawahi kuwa nayo. Salme alikuwa na bahati, kama ni bahati, ya kuandika akiwa mbali kiasi cha kuona na karibu kiasi cha kuumia. Jambo alilolinyamazia ni mapenzi yake na Ruete: sura hiyo katika kitabu ni fupi na yenye haya.

Na hapo ndipo sanaa za umma zilipoingia. Mahali aliponyamaza yeye, wengine wamejaza. Katika Ujerumani na Uswisi zimeandikwa riwaya juu yake, mojawapo ikiwa ya Nicole Vosseler iliyotoka mwaka 2010 na nyingine ya Lukas Hartmann ya mwaka 2013. Unguja kwenyewe, Jumba la Makumbusho la Kasri lilimtengea chumba chake, na watembezaji wa watalii humsimulia kama binti mfalme aliyekimbia kwa ajili ya penzi. Hadithi hiyo si uongo. Lakini imemfanya mwanamke wa miaka 22 amfunike msichana wa miaka 15, na imeufanya uasi wake uwe jambo la moyo peke yake, wakati ulianza kwa mfupa wa ngamia na kuendelea kwa barua za vita.

Lipo pia jambo ambalo hadithi ya penzi hulificha vyema zaidi. Katika kitabu chake Salme aliweka sura nzima juu ya utumwa, na humo aliutetea. Alidai kwamba watumwa wa Mashariki walitunzwa vizuri kuliko Wazungu walivyodhani, akaonya dhidi ya kuwaachia huru kwa ghafla, na akawaelezea Waafrika weusi kwa maneno ya dharau. Aliandika hayo miaka 13 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 uliotiwa saini na Barghash.

Wengi wetu wa nchi za bara tunaosema Kiswahili tunalo la kusema hapa. Lugha hii ilipenya Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa misafara iliyopata mitaji yake Unguja, ikibeba nguo na shanga kwenda, na pembe na watu kurudi. Mashamba ya karafuu yaliyompa Salme kipato akiwa na miaka 12 yalilimwa na watu waliotolewa bara kwa njia hizo hizo. Mitaa ya Waswahili katika miji yetu ni sehemu ya historia ya kasri lile, iwe tunapenda au hatupendi.

Mjini Hamburg mjadala huu umeshafika barabarani. Mwaka 2019 uwanja mmoja mdogo ulipewa jina la Emily Ruete, kama heshima kwa mwanamke aliyevuka mipaka ya dini, lugha na rangi. Haukupita muda mrefu, watu waliosoma kitabu chake hadi sura ya utumwa wakapinga, na uamuzi wa kulibadilisha jina hilo ukapitishwa. Wako waliosema kwamba anahukumiwa kwa mizani ya zama zisizo zake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama mtu huyo asingekuwa amezivunja kanuni za zama zake kila zilipomgusa yeye: za kalamu, za pazia, za ukoo, za ndoa, za dini.

Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 na kuzikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la ukoo wa Ruete. Inasemekana katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, kikazikwa pamoja naye. Barua zake ndefu kuhusu maisha ya Ujerumani, ambazo hakuzitoa alipokuwa hai, zilikuja kuchapishwa mwaka 1993 kwa Kiingereza. Kuhusu Jilfidan, mtoto wa Kaukazi aliyeuzwa kabla ya kuota meno ya pili, yaliyobaki ni machache yaliyomo katika kitabu cha bintiye: kwamba alikuwa mrefu, mwenye nguvu na nywele nyeusi za kufika magotini, kwamba alipenda kuwauguza wagonjwa, na kwamba aliweza kusoma.